i5 Mbili, Wati 15 Zilezile

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli jijini Nairobi, laptopu huuzwa kwa neno moja: "i5". Muuzaji anaifungua, anaonyesha kioo hakina mkwaruzo, anataja RAM na SSD, halafu anagonga kidole kwenye kibandiko cha Intel kana kwamba maswali yameisha. Ndiyo kwanza yanaanza. Kibandiko hakisemi ni i5 ya mwaka gani, na kuna mwaka mmoja ambao tofauti yake ni kubwa kuliko miaka kadhaa iliyoutangulia ikijumlishwa pamoja.

Nazungumzia Core i5-7200U ya mwaka 2016 na Core i5-8250U iliyozinduliwa Agosti 2017. Zote mbili zimejaa kwenye shehena za mashine zilizostaafishwa na maofisi ya nje. Ya kwanza utaikuta ndani ya ThinkPad T470, HP EliteBook 840 G4 na Dell Latitude 5480. Ya pili imo kwenye T480, 840 G5 na Latitude 5490. Ukiziweka T470 na T480 mezani zikiwa zimefunikwa, hata mtu anayezishika kila siku itambidi ageuze na kusoma maandishi ya chini.

Kwa miaka mingi Intel iliweka kori mbili tu kwenye prosesa za laptopu nyembamba, zile zenye herufi U mwishoni mwa jina. Ukinunua i5 ni kori mbili, ukinunua i7 ni kori mbili vilevile, ila kasi imepandishwa kidogo na bei imepandishwa zaidi. Kila mwaka tulitangaziwa kizazi kipya, na kila mwaka faida ilikuwa ya kuhesabu kwa kalamu, si ya kuihisi kwenye kazi. Machi 2017 AMD ikaingiza sokoni Ryzen za kompyuta za mezani, zenye kori hadi nane kwa bei iliyowashtua watu, na ilikuwa wazi kwamba za laptopu ziko njiani. Zilifika Oktoba mwaka huohuo. Intel haikusubiri: Agosti ilitoa i5 yenye kori nne ndani ya wati 15 zilezile. Sisemi ushindani ulikuwa sababu pekee, lakini ni vigumu kuamini kwamba jambo lililoshindikana miaka yote hiyo liliwezekana ghafla kwa bahati tu.

Kinachovutia ni namna ilivyofanyika, kwa sababu hapakuwa na uvumbuzi mkubwa. Teknolojia ya kutengeneza ilikuwa ileile ya nanomita 14. Muundo wa kori kimsingi ni ule uliokuja na Skylake mwaka 2015. Kwa hiyo ukiendesha kori moja ya 7200U na kori moja ya 8250U kwa kasi sawa, zitafanya kazi sawa. Kilichobadilika ni idadi na mgawo wa umeme. Kori zilitoka mbili hadi nne, thredi zikatoka nne hadi nane, kache ikatoka MB 3 hadi 6. Kasi ya juu ilipanda kutoka GHz 3.1 hadi 3.4. Lakini kasi ya msingi, ile ambayo Intel inakuhakikishia ndani ya wati 15, ilishuka kutoka GHz 2.5 hadi 1.6. Sufuria ni ileile, walaji wameongezeka.

Mtu akiona namba hiyo ya 1.6 anaweza kudhani amepewa kitu hafifu, na nimesikia muuzaji akiitumia kumsifia mteja ile ya zamani. Fizikia inasema vingine. Umeme unaoliwa na kori hupanda pamoja na kasi yake, na hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Kasi ikipanda sana, volti nayo lazima ipande. Maana yake ni kwamba ile kasi ya mwisho kabisa, ya juu, ndiyo ghali kuliko zote. Punguza kasi kwa theluthi moja na umeme utapungua kwa zaidi ya theluthi, kwa sababu volti imeshuka pia. Hapo ndipo Intel ilipopata nafasi: kori nne zinazokwenda taratibu hutoa kazi nyingi zaidi kwa kila wati kuliko kori mbili zinazokimbia.

Tufanye hesabu ya haraka. Ukizidisha kori kwa kasi ya msingi, 7200U inakupa 5.0 na 8250U inakupa 6.4, yaani nyongeza ya asilimia 28. Ukizidisha kwa kasi ya juu unapata 6.2 dhidi ya 13.6, zaidi ya mara mbili. Uhalisia upo mahali fulani kati ya hayo mawili, na ni wapi hasa inategemea kitu ambacho hakimo kwenye prosesa: upozaji. Prosesa hizi huruhusiwa kupita wati 15 kwa muda mfupi, kwa kawaida takriban nusu dakika, kisha hurudishwa kwenye kikomo ambacho mtengenezaji wa laptopu amekipanga. Ndiyo maana kwenye kipimo cha Cinebench R15, kinachotumia kori zote, 7200U hupata takriban pointi 330 karibu kila mashine, ilhali 8250U huweza kupata 500 kwenye laptopu moja na zaidi ya 600 kwenye nyingine. Prosesa ni hiyohiyo. Feni na bomba la shaba ndivyo vimetofautiana.

Kwa mnunuzi wa mtumba jambo hili lina uzito zaidi kuliko lilivyokuwa kwa mnunuzi wa mwaka 2017. Mashine imeshatumika miaka kadhaa, feni imejaa vumbi, na ile pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa imekauka. 7200U haidhuriki sana, kwa kuwa kori zake mbili hazina haja ya kutafuta wati zaidi. 8250U ndiyo hupoteza ubora wake wote kimyakimya, na mwenye mashine atabaki akilaumu Windows.

Je, tofauti yenyewe inahisika? Kufungua barua au kuandika ripoti, hapana. Kazi hizo hutegemea kori moja, na kutoka 3.1 hadi 3.4 ni asilimia kumi tu. Ongeza sasa kikao cha Zoom, vichupo ishirini vya kivinjari, faili la Excel lenye fomula nyingi, na Windows inayojisasisha nyuma ya pazia bila kumwomba mtu ruhusa. Hapo kori mbili huishiwa pumzi, sauti inakatikakatika, na feni inalia. Kori nne hubeba mzigo huo bila malalamiko. Kwa upande wa michoro usitarajie chochote: HD Graphics 620 na UHD Graphics 620 ni kitu kimoja, chenye vitengo 24 vilevile, kilichoongezewa herufi moja na kasi kidogo. Zote mbili hazina uwezo wa kufungua video za AV1 kwa maunzi, hivyo kazi hiyo ikija huangukia kwenye kori, na mwenye nne ana afadhali.

Mtego mkubwa zaidi ni i7. Core i7-7500U ni ya kizazi cha saba, kilekile cha 7200U, ina kori mbili, kache ya MB 4 na kasi ya juu ya GHz 3.5. Kwa kazi ya kori moja inaipita 8250U kwa unywele. Kwa kazi ya kori nyingi inaachwa mbali, na bado dukani huwekewa bei ya juu kwa sababu ya tarakimu 7. Kumlipa mtu zaidi ili akupe kori chache, mimi siwezi.

Halafu kuna Windows 11. Ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft ilianza orodha ya prosesa za Intel zinazokubalika kwenye kizazi cha nane, kile cha 8250U, ikakiacha karibu cha saba chote, hata mashine zenye chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kori zenyewe, kama tulivyoona, ni za ukoo mmoja. Mstari uliochorwa kati yao ni wa uamuzi kuliko wa uwezo. Hata hivyo ni mstari wa kweli, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Bei ya orodha ya Intel ilikuwa dola 281 kwa 7200U na dola 297 kwa 8250U. Dola 16 tu. Dukani leo pengo huwa pana zaidi, na kipimo changu ni hiki: likiwa halizidi bei ya kipande cha RAM cha GB 8, lipia 8250U. Likizidi sana, na wewe ni mtu wa kuandika, kusoma na kutazama video, na huogopi Linux Mint au Ubuntu, basi 7200U yenye SSD na RAM ya vipande viwili itakutumikia vizuri. Viwili, si kimoja, kwa sababu michoro hukopa kutoka kwenye RAM hiyohiyo, na kipande kimoja hukata njia yake nusu.

Kabla ya kutoa pesa, fungua Task Manager, sehemu ya Performance, uhakikishe imeandikwa kori 4 na prosesa za kimantiki 8. Kisha endesha kipimo kilichomo ndani ya 7-Zip kwa dakika tano, chaja ikiwa imechomekwa, huku ukitazama kasi. 8250U iliyo nzima itaanza juu ya GHz 3, ishuke, halafu itulie mahali. Ikishuka chini ya 1.6, omba ifunguliwe, isafishwe na kupakwa pesti mpya mbele yako, au muuzaji apunguze bei.