Nyumba ya Nani? Uhakiki wa Majina ya Nyumba za Kale kati ya Kabeza na Nyarugenge, Kigali

Mtu akiulizia nyumba ya kale iliyoko Kabeza, jijini Kigali, hana budi kwanza aulizwe: Kabeza ipi? Jina hilo linabebwa na vitengo viwili vya ngazi ya akagari. Kimoja kimo katika murenge wa Muhima, wilaya ya Nyarugenge, chini ya mji wa zamani. Kingine kimo katika murenge wa Kanombe, wilaya ya Kicukiro, upande wa uwanja wa ndege. Bahati njema kwa mhakiki ni kwamba kila upande una nyumba yake mashuhuri iliyogeuzwa kuwa makumbusho: Nyarugenge kuna ile iitwayo Nyumba ya Kandt, na Kanombe kuna makazi ya zamani ya marais. Makala hii inazisoma nyumba hizo mbili kwa kupitia majina yake. Hoja yake ni kwamba historia ya jengo na historia ya jina ni mambo mawili, na kwamba Kiswahili, tangu kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kinawajibika kutoyachanganya.

Tuanze na Nyarugenge. Daktari Richard Kandt, Mjerumani aliyefika Rwanda mwaka 1898 akitafuta chanzo cha Mto Nile, aliteuliwa kuwa Residenti wa kwanza wa Ujerumani nchini humo mwaka 1907, na mwaka huohuo ndio unaohesabiwa kuwa wa kuasisiwa kwa Kigali. Mwishoni mwa 2017 jengo lililokuwa Makumbusho ya Historia ya Asili lilifunguliwa upya likiwa na jina lake. Maelezo yanayozunguka katika vitabu vya watalii hufunga madai manne katika sentensi moja: kwamba Kandt aliishi katika kilima hiki, kwamba aliishi katika jengo hili hasa, kwamba lilikuwa la kwanza la mtindo wa Kizungu mjini, na kwamba tunaloliona leo ndilo alilolijenga. Dai la kwanza halina mgogoro. Lakini la kwanza halithibitishi la pili, wala la pili halithibitishi la nne. Kilima hubaki, kuta hubomolewa na kuezekwa upya. Kandt aliondoka Rwanda mwaka 1913, Vita Kuu ikamzuia kurudi, akafia Nuremberg mwaka 1918. Kwa hiyo kila tofali, dari au baraza iliyoongezwa baada ya 1913 si yake, hata kama iko chini ya paa linaloitwa lake. Ubao wa makumbusho usiotenganisha madai haya humwachia mgeni kazi ambayo mtafiti ndiye aliyelipwa kuifanya.

Jina lenyewe nalo lina safari. Kandt alizaliwa Posen, leo Poznań nchini Polandi, mwaka 1867, katika familia ya Kiyahudi ya ukoo wa Kantorowicz. Akiwa mtu mzima akalifupisha jina hilo na kuingia Uprotestanti. Wanyarwanda, kwa desturi yao ya kumbatiza mgeni upya, walimwita Kanayoge. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa na majina matatu: la kuzaliwa, la kujichagulia na la kupewa na wenyeji. Nyumba imepewa la pili, lile aliloandikia kitabu chake Caput Nili na kulitumia ofisini. Tunasahau pia kwamba Kandt alijua kuipa nyumba jina alipotaka. Makao yake ya Shangi, kando ya Ziwa Kivu, aliyaita Bergfrieden, yaani amani ya mlimani. Hilo ni jina la mwenye nyumba. Jina la Kigali ni la warithi, na warithi huchagua kwa haja zao.

Haja yenyewe si ngumu kuiona. Chini ya Wabelgiji, walioingia mwaka 1916, mwami alikaa Nyanza, na mji ulioitwa Astrida, kwa heshima ya Malkia Astrid, ukawa kitovu cha shule na wasomi. Kigali ilikuwa kituo kidogo mpaka ilipofanywa makao makuu ya nchi wakati wa uhuru, 1962. Laiti makao makuu yangekwenda Astrida, ambayo baadaye iliitwa Butare na sasa Huye, nani angehangaika na nyumba ya Residenti wa Nyarugenge? Jiji lililokuwa kubwa ndilo lililohitaji mwasisi, na mwasisi akahitaji nyumba. (Katika Nyarugenge hiyohiyo kuna gereza la zamani ambalo watu huliita 1930, kwa mwaka wa kujengwa kwake tu, wafungwa wake walihamishiwa Mageragere mwaka 2018. Huenda ndilo jina lisilodai makuu kuliko yote mjini.)

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Kwa Kiingereza maneno Kandt na nyumba huwekwa bega kwa bega, na uhusiano wake unaachwa wazi. Kinyarwanda kina kitenzi kwitirirwa, kupewa jina la fulani, kisichodai umiliki. Kiswahili, kwa wepesi, kimechukua a-unganifu: Nyumba ya Kandt. Lakini a-unganifu hubeba mzigo mwingi: nyumba ya udongo ni malighafi, nyumba ya wageni ni matumizi, nyumba ya Juma ni umiliki au ukaaji. Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam haimdanganyi yeyote, kwa kuwa hakuna anayedhani Mwalimu alimiliki barabara. Nyumba si hivyo. Nyumba humilikiwa na hukaliwa, hivyo msomaji wa Kiswahili akikuta nyumba ya fulani huchukua maana iliyo karibu zaidi. Kosa hili si la Kigali peke yake. Jengo la Zanzibar liitwalo Nyumba ya Livingstone lilijengwa kwa amri ya Sultani Majid. David Livingstone alikuwa mgeni tu humo mwaka 1866, akijiandaa kwa safari yake ya mwisho. Mgeni akabaki kwenye jina, mwenyeji akatoka.

Nyumba ya Kanombe inatuonyesha jambo la kinyume. Huko hakuna shaka juu ya nani aliishi humo: Rais Juvénal Habyarimana, kisha Pasteur Bizimungu. Utambulisho wake umeandikwa hata ardhini, kwa kuwa ndege iliyodunguliwa tarehe 6 Aprili 1994 ilianguka pale pale, na mabaki yake yangali nje ya ukuta. Hata hivyo jina rasmi halimtaji mkaaji yeyote. Ilikuwa Makumbusho ya Ikulu, na mwaka 2018 ikawa Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda. Nyumba yenye ushahidi mwingi ina jina lisilosema kitu juu yake. Nyumba inayohitaji ushahidi ina jina linalosema kila kitu. Sidhani kwamba hii ni ajali. Jina la mkoloni aliyekufa zamani halimchomi mtu. Jina la Habyarimana juu ya lango lingekuwa heshima ambayo nchi iliyopitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi haiwezi kuitoa. Kunyamaza huko ni halali. Lakini kunyamaza langoni kusigeuke kunyamaza ndani, na anayeandika maelezo ya Kiswahili asidhani kuwa neno sanaa limemaliza kazi yake.

Kinyarwanda kinatatiza zaidi, na kwa namna ya kupendeza. Makumbusho huitwa ingoro, neno la kasri au ukumbi wa mwami. Kanombe, basi, ni ingoro mara mbili. Kiswahili kimelijenga neno lake juu ya kukumbusha, na hivyo kinauliza swali ambalo ingoro haiulizi: kukumbusha nini? Kwa washauri wa sera, pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pendekezo ni dogo. Tafsiri rasmi za majina ya majengo ya urithi ziache a-unganifu pale uhusiano usipothibitishwa, zitumie vitenzi: iliyopewa jina la, iliyokaliwa na, iliyojengwa kwa ajili ya. Na ubao wa kila jengo utaje mwaka jina lilipotolewa kando ya mwaka wa ujenzi.

Jengo la kujaribia kanuni hii lipo Rwesero, Nyanza. Mkusanyo wa sanaa ulioletwa Kanombe mwaka 2018 ulikuwa huko tangu 2006, katika kasri lililokuwa likijengwa kwa ajili ya Mwami Mutara III Rudahigwa. Mwami alifariki Bujumbura Julai 1959 kabla ya kuhamia. Hakulala humo hata usiku mmoja, na michoro iliyolipa jengo jina imekwisha kuhamishwa; kati ya vitenzi vyetu vitatu, ni iliyojengwa kwa ajili ya peke yake kinacholifaa.