Kusakinisha Debian kwa Masikio

Kisoma skrini cha NVDA, ambacho Michael Curran alianza kukiunda Australia mwaka 2006, hakitazami skrini. Kinaiuliza Windows: hapa pana kitufe gani, menyu hii ina nini, mshale uko kwenye neno lipi? Windows ikijibu, NVDA inatamka. Mtu asiyeona akifungua mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta, kwenye programu ya VirtualBox, mazungumzo hayo yanakatika. Windows inajua kuwa dirisha lipo, lakini kilichomo ndani yake ni picha tu, inayochorwa na mfumo mwingine kabisa. NVDA hutaja jina la dirisha, kisha kimya.

Kwa hiyo mfumo huo wa ndani, uitwao mgeni, lazima uongee wenyewe. Ukishasakinishwa hilo si gumu, maana utakuwa na kisoma skrini chake. Ugumu uko mwanzoni, wakati diski ni tupu na kisakinishi kinauliza maswali ambayo hakuna anayeyasoma.

Kuiunda mashine yenyewe ni kazi nyepesi. Madirisha ya VirtualBox yanaweza kupitiwa kwa kibodi, ila wengi huona afadhali VBoxManage, amri zinazoandikwa kwenye dirisha la maandishi: createvm kuiunda, modifyvm kuigawia kumbukumbu na kuiwashia kadi ya sauti, storageattach kuichomekea diski na faili ya ISO yenye kisakinishi. Kila jibu linarudi likiwa maandishi, na NVDA inayasoma yote. Kadi ya sauti ndiyo isiyosahaulika. Mtu anayeona akiiacha atakosa muziki. Asiyeona amekosa mashine nzima.

Kisha startvm kuiwasha, na hapo Debian, mfumo wa Linux, inaonyesha ubora wake. Menyu yake ya kwanza ikiwa tayari hutoa mlio, mmoja kwenye mashine inayowaka kwa BIOS na miwili kwenye ya UEFI, na mtumiaji akibonyeza herufi S kisha Enter, kisakinishi kinaanza kusema. Mlio huo hutegemea spika ya ndani ya kompyuta, hivyo kwenye mashine pepe aghalabu hausikiki. Waundaji wa Debian waliliwazia hata hilo: katika matoleo ya miaka ya karibuni, asipobonyeza mtu kitu chochote kwa sekunde 30, usemaji unaanza wenyewe. Kisakinishi hakimchukulii aliyenyamaza kuwa hayupo. Kinachukulia kwamba huenda yupo na haoni. Huu ni uamuzi wa kiuhandisi unaostahili kuigwa na kila anayetengeneza mfumo. Tena, aliyesakinisha kwa sauti anaukuta mfumo mpya nao umewekewa sauti tangu unapowaka.

Mashaka yakizidi, kuna njia ya kuchungulia. Mtumiaji anabonyeza Ctrl ya kulia ili VirtualBox iiachie kibodi, kisha Insert na R, na NVDA inatumia utambuzi wa maandishi wa Windows 10 au 11 kuisoma picha iliyo dirishani. Haikosi kukosea herufi, lakini inatosha kumjulisha kama mashine imekwama kwenye ujumbe wa hitilafu.

Linabaki suala la vitufe. Visoma skrini vyote viwili, cha mwenyeji, yaani kompyuta halisi, na cha mgeni, vinaitaka Insert au Caps Lock, na vyote vinazigombea namba za pembeni. Dawa yake ni kuilaza NVDA ya mwenyeji kwa Insert, Shift na S. Inalala ndani ya programu ile tu. Mtumiaji akihamia dirisha jingine, inaamka.

Programu nyingine za mashine pepe hutofautiana. Hyper-V ya Microsoft inasikitisha. Haina kadi ya sauti ya kuigizwa. Sauti hupita kwenye muunganisho wa aina ya kompyuta ya mbali, ambao hupatikana tu Windows ikishakuwa hewani. Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe, imo ndani ya kisakinishi cha Windows na huitika kwa Ctrl, Windows na Enter, lakini ndani ya Hyper-V sauti yake haina pa kutokea. Asiyeona hulazimika kuandaa mapema faili ya majibu, autounattend.xml, ili kisakinishi kisimwulize lolote. QEMU, nayo programu ya mashine pepe, imefika mbali zaidi: kwa kazi ya Samuel Thibault, inaweza kumwigizia mgeni kifaa cha nukta nundu, na maneno yake yakasomwa kwa vidole kwenye kifaa halisi cha mwenyeji.

Debian ikishasimama, wengi hawalirudii tena lile dirisha. Wanaiwasha mashine bila skrini, wanaingia kwa SSH, yaani kwa dirisha la maandishi la mwenyeji, na NVDA ya mwenyeji inasoma kila mstari bila sauti kuchelewa. Kwa mgeni wa Windows, NVDA 2025.1 imekuja na huduma ya kuunganisha kompyuta mbili: maneno ya mgeni yanasafirishwa yakiwa maandishi, na mwenyeji anayatamka kwa sauti ambayo mtumiaji ameizoea.