Neno "Usingizi" katika Dawa za Sindano

Katika Kiswahili cha hospitali jina "dawa ya usingizi" hupewa kila dawa imwondoleayo mgonjwa fahamu, tangu thiopentali, iliyoanza kutumiwa kwa watu mwaka 1934, hata propofoli, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1986. Kwa mshonaji wa kidonda cha mguu ujumla huo huenda usidhuru. Lakini katika kazi fupi za njia ya pumzi, mathalan kuchungulia zoloto au kutoa punje ya karanga iliyompalia mtoto, daktari na mtoa dawa hugombea mlango mmoja, na hapo neno huficha lile hasa lipaswalo kulinganishwa.

Desturi ni kulinganisha mwendo: ipi hulaza upesi na kuamsha upesi. Kwa kipimo hicho propofoli hushinda. Thiopentali nayo hulaza kwa nusu dakika hivi, na mtu wa dozi moja huzinduka baada ya dakika chache. Ila hazinduki kwa kuwa dawa imekwisha mwilini, bali kwa kuwa imetoka ubongoni ikaenea katika misuli na mafuta. Ikirudiwa hulimbika. Tofauti kubwa zaidi iko kooni. Propofoli hulegeza koo hata likavumilia bomba. Chini ya thiopentali isiyotosha koo hubaki jepesi kushtuka, nalo laweza kujifunga likazuia pumzi. Hata hivyo propofoli hushusha shinikizo la damu, huweza kuikatiza pumzi yenyewe, wala haiondoi maumivu. Etomidati huutunza moyo vizuri zaidi, ila hutikisa misuli, na hata dozi moja huzuia kwa saa kadhaa tezi za juu ya figo zisitoe kotisoli.

Ketamini ndiyo ilivunjayo neno lenyewe. Aliyepewa huwa amekodoa macho, humeza mate, kwa kawaida hupumua mwenyewe, pengine husogeza mkono. Naye akikatwa hasikii. Je, huyu amelala? Msemaji wa Kiswahili angesema ameduwaa. Na akizinduka, hasa mtu mzima, aweza kuona maruerue. Dawa hii hutanua vijia vya mapafu, jambo jema kwa mwenye pumu, lakini huzidisha mate, na koo lililobaki macho laweza kulikataa bomba. Kusema tu kwamba ketamini "huchelewa kuamsha" ni kupima kitu ambacho hakikuwa usingizi tangu mwanzo.

Lugha haikukosa maneno. Zimia, zirai, duwaa, ganzi, kila moja lina mpaka wake. (Kulevya lingefaa sana, lau lisingekwisha kutekwa na polisi.) Hata "nusukaputi" la mitaani lina haki kuliko "usingizi", kwani halimwahidi mtu kwamba ataamka akiguswa bega. Mama aambiwaye "mtoto atalala kidogo" hutia sahihi kwa usingizi aujuao yeye, wa mkekani, wenye pumzi zake; hakuambiwa kwamba pumzi huenda zikasimama, wala kwamba macho huenda yakabaki wazi. Kwa ketamini "dawa ya kuduwaza" ingetosha. Kwa hizo nyingine "dawa ya kuzimisha fahamu", jina lisilopendeza masikioni, ila mama akilisikia atauliza ni nani atakayemshikia mwanawe pumzi.