Kabla ya Kumsifu Mchezaji wa Udongo, Mtazame Miguu

Kila mwishoni mwa Mei, Roland Garros inapoanza jijini Paris, mabishano ya mashabiki wa tenisi huwaka upya: nani bingwa wa kweli wa udongo, nani anabebwa na ratiba, nani ana mkono tu na hana mchezo. Wengi huhukumu kwa yale mapigo ya kumalizia yanayorudiwarudiwa kwenye televisheni. Kwenye nyasi kipimo hicho kinaweza kukutosha. Kwenye udongo kinapotosha, maana pointi nyingi hapa huwa zimeamuliwa mapigo mawili matatu kabla ya lile linaloshangiliwa.

Sababu iko chini ya viatu vya wachezaji. Ule wekundu ni vumbi la matofali yaliyosagwa, lenye unene wa milimita moja au mbili tu. Chini yake kuna mawe ya chokaa yaliyosagwa, halafu masalia ya makaa ya mawe, halafu changarawe. Mpira ukitua, vumbi hilo huukwaruza, huupunguza kasi na kuurusha juu. Mwenye kombora la kuanzishia hapati tena pointi za bure kama alivyozoea. Pete Sampras alitwaa mataji makubwa 14, lakini Paris hakuwahi kuvuka nusu fainali, aliyoifikia mwaka 1996.

Basi anza na miguu. Ninapotaka kumjua mchezaji nisiyemfahamu, gemu za mwanzo siufuati mpira kabisa. Namtazama kuanzia kiunoni kwenda chini. Anayejua udongo huanza kuteleza kabla hajapiga, na mtelezo wake huisha pale raketi inapokutana na mpira. Mwili umeshatulia, mguu wa nje umeshakita, na hatua ya kwanza ya kurudi katikati inatoka hapohapo. Asiyejua hukimbia, hupiga, ndipo anateleza kuelekea nje ya uwanja. Hatua mbili anazopoteza kujizuia ndizo mpinzani wake anazozisubiri. Hata mchezo ukisimama unaweza kusoma habari hiyo ardhini: michirizi ya mjuzi ni mirefu na imenyooka, ikiishia kwenye alama moja ya kisigino kilichogeuka, ya mgeni wa udongo ni mikwaruzo mifupi iliyotapakaa. Mtazame Novak Djokovic anapofukuza mpira upande wa kushoto, mguu wa nje ukiteleza mbali na kiwiliwili kikibaki wima, utaona ninachokisema. Iga Świątek, bingwa wa 2020, 2022, 2023 na 2024, ni somo lingine zuri, hasa kwa wepesi wake wa kurudi katikati.

Cha pili ni mahali mpinzani anapolazimika kupigia. Mpira unaopita juu sana ya wavu, ukizunguka kwa nguvu na kutua karibu na mstari wa nyuma, macho ya haraka huuona kama mpira wa woga. Usiuhukumu unapopita wavu, uhukumu unapofika upande wa pili. Rafael Nadal alijenga ufalme wake juu ya mpira huo: mataji 14, michezo 112 aliyoshinda na minne tu aliyopoteza katika Roland Garros. Pigo lake la mkono wa kushoto liliruka hadi usawa wa bega la Roger Federer, upande wake wa nyuma alikopiga kwa mkono mmoja, na huko hakuna mtu mwenye nguvu. Fainali za 2006, 2007, 2008 na 2011 zote zilikwenda kwa Nadal. Aliyeuliza kwa nini Federer alikosea sana siku hizo alikuwa anatazama upande usiohusika.

Mpira wa kudondosha nyuma ya wavu unapendwa na kila mtazamaji, na ndiyo maana unasifiwa hovyo. Mzuri una masharti. Uje baada ya mpinzani kusukumwa nyuma, utoke kwenye maandalizi yaleyale ya pigo kali ili bega lisiseme siri mapema, na udunde mara ya pili ungali karibu na wavu. Anayeudondosha kwa sababu mapafu yamechoka anatafuta mlango wa kutokea, hata pointi akiipata.

Kuna jambo moja la heshima ambalo mimi hulihesabu katika ubora. Udongo huweka alama ya mpira, na mpaka mashindano ya 2025 Roland Garros iliendelea kutumia waamuzi wa mstari, huku mwamuzi mkuu akishuka kitini kwenda kukagua alama yenye utata. Mchezaji akiona mpira wa mwenzake umegusa mstari, huweza kuifuta alama hiyo kwa kiatu na kuitoa pointi kabla ya kuulizwa. Anayefanya hivyo seti ikiwa ngumu anastahili sifa kuliko mwenye pigo la kusisimua.

Uvumilivu nao usichanganywe na kurudisha mipira tu. Fainali ya wanaume ya 2025 ilidumu saa 5 na dakika 29, ndefu kuliko fainali zote za mashindano hayo. Carlos Alcaraz alikuwa nyuma kwa seti mbili kwa moja, na katika seti ya nne Jannik Sinner akapata nafasi tatu mfululizo za kumaliza mchezo. Alcaraz aliponea hapo, kisha akalichukua gemu la mwisho la kuamua mshindi kwa 10-2, akishambulia. Sinner anateleza vizuri ajabu. Alikulia milimani kaskazini mwa Italia na utotoni alishindana kwenye skii. Ila mpira wake hupita chini zaidi, na Alcaraz ana njia nyingi zaidi za kumtoa mtu mahali pake. Kwa hiyo kwenye udongo mimi namweka Alcaraz mbele, ingawa fainali ile ingeweza kwenda upande wowote. Anayebisha airudie seti ya nne, mara ya kwanza akitazama miguu ya Sinner peke yake, mara ya pili ya Alcaraz, ndipo tuongee.