Perry Mason na Swali la "Kama Si Yeye, Nani?"

Katika visa vya upelelezi vilivyotoka Marekani na kuenea duniani, ni vichache vilivyopendwa kama visa vya wakili Perry Mason. Mtungaji wake, Erle Stanley Gardner, alizaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1970. Kitabu chake cha kwanza cha wakili huyu, The Case of the Velvet Claws, kilitoka mwaka 1933, na baada yake zikafuata nyingine hata riwaya zikapita 80. Kisha kuanzia mwaka 1957 hadi 1966 visa hivyo vikaonyeshwa katika televisheni ya Marekani, Raymond Burr akiigiza kama Mason, na maonyesho yake yakafika 271. Na habari yake haikukoma hapo, kwani kati ya mwaka 2020 na 2023 alirudishwa tena katika televisheni kwa sura mpya.

Kisa kinachopendwa na watu wengi namna hii si mchezo mtupu. Kisa ni mwalimu anayeingia nyumbani bila ya kubisha hodi, akakaa na vijana wetu, akawafundisha nini haki na nini dhulma. Basi yafaa, ndugu msomaji, tumpime mwalimu huyu: lipi jema analofundisha, na lipi la kuchukuliwa kwa hadhari.

Mpango wa visa vyake haubadiliki sana. Mtu anakuja katika ofisi ya Mason mjini Los Angeles na shida yake, na mara nyingi huwa amemficha wakili nusu ya habari. Haupiti muda, maiti inaonekana, na ushahidi wote unamwelekea yule mteja. Polisi wanamkamata, na mwendesha mashtaka, Hamilton Burger, anasimama mahakamani akiwa na hakika kwamba safari hii Mason atashindwa. Mason naye, akisaidiwa na karani wake Della Street na mpelelezi Paul Drake, anafukua yaliyofichwa. Mwishoni anamkabili shahidi kwa maswali mpaka ukweli unatoka, na mara nyingi muuaji hasa anakiri mbele ya watu wote. Mteja anaachiliwa, na msomaji anafunga kitabu moyo wake umetulia.

Jema la kwanza la visa hivi ni kwamba vinamfundisha mtu asihukumu kwa jambo la kwanza aliloliona. Kwa Gardner, ushahidi unaopendeza sana ndio unaostahili kuchunguzwa zaidi. Bastola ni ya mshitakiwa, lakini ni nani aliyeishika mwisho? Shahidi anasema alimwona, lakini alisimama wapi, na mwanga ulikuwaje? Amesema saa tatu, lakini saa yenyewe aliitazama, au amekisia? Haya ni maswali ya watu wenye akili. Katika kile kitabu cha kwanza mteja mwenyewe, mwanamke mjanja na mwongo, anaamini kuwa amempiga mumewe risasi na kumwua. Kumbe muuaji ni mtu mwingine. Hata mwenye kujidhania kuwa na hatia huenda asiwe nayo.

Jema la pili ni kwamba Mason hamtetei mtu kwa kuwa ni mwema. Wateja wake wengi ni waongo, wengine wana tamaa, na wengine mwenendo wao hausifiki. Lakini kuwa na tabia mbaya ni jambo moja, na kuwa muuaji ni jambo jingine. Wengi wetu hatuwezi kupambanua haya mawili. Tukimchukia mtu kwa ulevi wake au ukali wa ulimi wake, ni wepesi wa kusadiki kila linalosemwa juu yake. Wakili huyu anatuonyesha kuwa haki ya kusikilizwa si zawadi ya watu wema peke yao.

Gardner aliyaandika haya akiyajua. Yeye mwenyewe alikuwa wakili. Alipata ruhusa ya kufanya kazi hiyo katika jimbo la California mwaka 1911, na katika mji wa Oxnard aliwatetea Wachina waliokuwa wakidharauliwa katika nchi ile na kukamatwa kwa urahisi. Ladha ya mahakama katika vitabu vyake ni ya mtu aliyesimama humo.

Sasa tuje kwenye kasoro, nayo si ndogo. Kasoro yenyewe imo katika ule mwisho unaotufurahisha. Mason hatosheki kuonyesha kuwa mteja wake hakuthibitishiwa kosa. Karibu kila mara hana budi kumtoa muuaji wa kweli, amsimamishe mbele ya watu, akiri. Msomaji aliyekula visa hivi miaka mingi anajengeka dhana moyoni pasi na kujua: kwamba mtu hasafiki mpaka apatikane mwingine wa kubeba mzigo wake. Linabaki swali moja tu: "Kama si yeye, nani?"

Swali hilo limepinduka. Kanuni ya sheria, huko California na katika nchi nyingi nyinginezo, ni kwamba anayeshitaki ndiye anayepasa kuthibitisha, na ikibaki shaka ya maana mshitakiwa huachiliwa. Hapaswi kumtaja mwizi wala kumleta muuaji. Tena katika yale maonyesho ya televisheni, mara nyingi shauri linalosikilizwa ni lile la mwanzo tu, ambalo hakimu hutazama kama upo ushahidi wa kutosha wa kumpeleka mtu kwenye kesi kamili. Ilimtosha Mason kuonyesha kuwa ushahidi haufiki hapo. Lakini kisa kisingekuwa kitamu, basi hapana budi muuaji akiri!

Na katika dunia ya kweli ni nani anayekuja kukiri? Mwaka 1961, Mason akiwa katikati ya ushindi wake wa kila wiki, mtu maskini aitwaye Clarence Earl Gideon alishitakiwa huko Florida kwa kuvunja nyumba ya mchezo wa biliadi. Hakuwa na fedha za wakili. Aliomba mahakama impe mmoja, akakataliwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa. Akiwa gerezani aliandika malalamiko kwa kalamu ya risasi akayapeleka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1963 mahakama hiyo ikaamua kwamba mtu anayeshitakiwa kwa kosa kubwa naye hana uwezo, lazima apewe wakili. Kesi yake ikasikilizwa upya, safari hii akiwa na wakili, akaonekana hana hatia. Tofauti baina ya jela na nyumbani haikuwa shahidi aliyelia na kukiri. Ilikuwa ni mtu mwenye elimu aliyesimama upande wake akauliza maswali.

Yako pia mambo ambayo Gardner hakuishi kuyaona. Mwaka 1992 huko New York mawakili Barry Scheck na Peter Neufeld walianzisha Innocence Project, kazi ya kuwatoa wafungwa wasio na hatia kwa njia ya kuchunguza chembechembe za urithi zilizomo katika damu na mwili. Wengi wametoka baada ya miaka mingi gerezani. Katika baadhi ya kesi hizo mhalifu wa kweli hakupatikana. Je, tuseme wale waliotoka hawajasafika? Na lenye kushtua zaidi, baadhi ya waliofungwa bure walikuwa wamekiri wenyewe, kwa kuchoka, kwa kuogopa, au kwa kudanganywa na waliowahoji. Basi ule ungamo ambao kwa Mason ni muhuri wa ukweli, nao wataka kuchunguzwa. Siri za mioyo anazijua Mola peke yake. Hakimu hana ila ushahidi.

Kwa insafu tuseme kwamba Gardner hakuwa mjinga wa haya. Mwaka 1948, akishirikiana na jarida la Argosy, alikusanya mabingwa wa upelelezi na wa uganga wa mahakama ili kuzichunguza kesi za watu waliodhaniwa kuwa wamefungwa kwa dhulma, na mwaka 1952 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo, The Court of Last Resort. Humo hamna muujiza wa dakika ya mwisho. Mna barua za wafungwa, majalada ya zamani, safari ndefu, mashahidi waliosahau na wakubwa wasiotaka kufungua upya jambo lililokwisha. Kwa maoni yetu kazi hii ina thamani kuliko ushindi wote wa Mason. Na hata katika riwaya zake alijaribu mara moja kuivunja desturi yake: katika The Case of the Terrified Typist, ya mwaka 1956, baraza la raia linamwona mshitakiwa wa Mason kuwa ana hatia, na inadhihirika kuwa mtu yule alikuwa amejivika jina la mwingine. Mwandishi alijua kuwa wakili si mchawi.

Basi, wazazi, hatusemi vitabu hivi vifungiwe sandukuni. Wacha vijana wavisome, nasi tuwaulize wakimaliza: lau yule muuaji asingekiri, ungemwachilia mshitakiwa? Jawabu watakalolitoa ndilo litakaloonyesha kama wamejifunza haki au wamejifunza kubahatisha.

Nasi wenyewe tujiulize hayo hayo. Kikipotea kidani katika nyumba ya arusi, jina la kwanza kutajwa ni la nani? Ni la mtumishi, au la jamaa maskini aliyekuja kusaidia kupika. Hakuna aliyemwona, linalosemwa ni, "Kama si yeye, nani?" Kisha hufuata, "Lisemwalo lipo," na hukumu imekwisha kabla ya magharibi. Kidani huenda kikaonekana wiki ya pili chini ya godoro, lakini jina la binti wa watu halirudi lilivyokuwa. Yeye hana Perry Mason. Ana sisi tuliokaa barazani na tuliokaa jikoni, na wakili wake ni yule wa kwanza miongoni mwetu atakayesema: "Nani aliyemwona?"