Sinema Haijaujua Kusubiri Mlima

Milima haikutani, binadamu hukutana. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo sinema nyingi zinavyoutendea mlima wetu: kitu kilichosimama, kisicho na la kufanya, kinachongoja watu waje wakutane mbele yake.

Chukua The Snows of Kilimanjaro, filamu ya mwaka 1952 iliyoongozwa na Henry King kutokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936. Gregory Peck ni Harry, mwandishi aliyelala kambini, kidonda cha mguu kimeoza, anakumbuka wanawake na miji ya Ulaya. Mlima uko kule nyuma, mweupe, umetulia tuli. Waigizaji wakuu walifanya sehemu kubwa ya kazi yao studio, Marekani, na hilo halinisumbui, kwa sababu kuigiza ni kuigiza. Kinachonisumbua ni kwamba ukiung'oa mlima ule na kuubandika kwenye kalenda ya ukutani, hakuna kitakachopungua. Hata mwisho umegeuzwa. Kwa Hemingway Harry anakufa. Kwenye filamu anapona. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanaijua sheria hii: stelingi hafi.

Sasa swali. Kama mlima hausogei, kuna tofauti gani kati ya picha ya mlima na sinema ya mlima? Kiswahili chetu cha mtaani hakitusaidii sana, maana tunasema "twende tukaangalie picha" tukimaanisha filamu. Zote ni picha tu.

Mwanafalsafa wa Marekani, Noël Carroll, ana jibu ninalolipenda. Kwa maelezo yangu mwenyewe ni hivi: ukishajua kwamba unachotazama ni picha ya kawaida, kungoja kisogee ni kujidanganya. Lakini ukijua ni sinema, una haki ya kungoja, hata kama hakitasogea mpaka mwisho. Kwa hiyo kinachoifanya sinema kuwa sinema si msogeo wenyewe. Ni kwamba msogeo unawezekana wakati wowote, na wewe mtazamaji unalijua hilo. Andy Warhol alilijaribu jambo hili mwaka 1964 katika Empire: kamera imelikodolea macho jengo la Empire State, New York, kwa zaidi ya saa nane. Taa zinawaka. Baadaye zinazimwa. Basi.

Wengi watacheka. Mtu wa Moshi asicheke, kwa sababu sisi tunaishi ndani ya filamu ya namna hiyo. Mlima haupo muda wote. Alfajiri unaweza kuuona wote, kisha mawingu yanapanda na kuumeza, na jioni, ukiwa umeshausahau, mtu anasema, "Mlima umefunguka!" Watu wanageuka, mama wa ndizi, kijana wa bodaboda, karani anayefunga ofisi. Kibo ile ile wameiona maelfu ya mara, bado wanageuka. Mgeni aliyekaa siku tatu akaona wingu tu analalamika kwamba hakuuona Kilimanjaro. Mimi ningemwambia alikuwa anautazama muda wote, ila hakujua kwamba kusubiri ni sehemu ya onyesho.

Wazee wa Kichagga hawakuuona kama pambo. Katika masimulizi yao, Mawenzi alimsumbua Kibo kila mara kuomba moto, mpaka Kibo akachoka na kumpiga. Ndiyo maana Mawenzi amechongoka vile. Mlima pale ni mhusika, una jirani na una hasira.

Filamu ya David Breashears ya mwaka 2002, Kilimanjaro: To the Roof of Africa, iko karibu zaidi na hilo. Inafuatana na wapandaji na kiongozi wao, Jacob Kyungai, kutoka msituni hadi barafuni, na angalau muda unapita kwenye miguu ya watu. Lakini mlima bado ni wa wale wanaopanda na kuondoka. Hauwi wa wanaobaki chini.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Mwaka 1945 mhakiki Mfaransa André Bazin alifananisha picha na desturi ya Misri ya kuhifadhi maiti: tunapiga picha ili kitu kisitupotee. Sinema, kwake, inakwenda mbali zaidi, kwa sababu inahifadhi hata mabadiliko. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alimkuta chui aliyeganda karibu na kileleni, akampiga picha. Picha moja ilitosha, kwani yule chui alikuwa ameshamaliza habari yake. Barafu haijamaliza yake. Kati ya mwaka 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo lake ilipotea. Yaani mlima unasogea kweli, ila polepole mno kwa jicho letu, na picha ya kalenda haiwezi kulisema hilo. Inasema tu: theluji ipo.

Ndiyo maana natamani filamu ambayo bado sijaiona. Kamera juu ya paa la Majengo, si Amboseli nyuma ya tembo. Iachwe hapo. Zisikike pikipiki, adhana na kengele za kanisa. Wingu lije, liondoke, lirudi. Mtaniuliza nani atakaa kuangalia kitu kama hicho. Wanaoweza kukaa wapo, kila jioni, barabarani, wameshika vikapu. Hao ndio ningewaonyesha kwanza, halafu ningewauliza mhariri wangu alikata wapi mapema mno.