Nafsinenewa katika Bembelezi: Je, ni Mtoto Pekee?

Mtahiniwa anapoulizwa sifa za bembelezi, aghalabu hutaja takriri, sentensi fupi na mahadhi ya polepole, kisha huongeza kuwa dhima yake ni kumlaza mtoto. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi.

Mtu mzima anapomsemesha mtoto mchanga hubadili usemi: hutumia sauti nyembamba, huvuta irabu na kurudia maneno. Mwanaisimu Charles Ferguson alilinganisha usemi huu katika lugha sita mwaka 1964, akaonyesha kuwa una mbinu zinazofanana. Bembelezi nazo hujengwa kwa mbinu kama hizo.

Hata hivyo, zingatia maudhui. Baadhi ya bembelezi hutaja njaa, baba aliyesafiri au uzito wa kazi za mlezi. Mtoto wa miezi mitatu hayaelewi hayo. Yeye hupokea mahadhi. Maneno huwafikia watu wazima walio karibu. Basi mtoto ni nafsinenewa, ila si hadhira pekee. Mlezi hupata nafasi ya kulalamika bila kumkabili yeyote.

Kwa hivyo, mtahiniwa, ukitaja takriri, eleza inamfaa nani. Ukitaja malalamiko, eleza yanamlenga nani. Nawe mwalimu, usitosheke na orodha ya sifa.